Sweta za Kijani

Shule ile ya serikali ilichukua watoto wenye vipaji kutoka mji mzima na kuwavisha wote sweta za kijani. Kila muhula ulipoisha, aliyeshindwa kufikisha alama alivua sweta yake mbele ya wenzake, akaiweka mezani, kisha akarudi kusoma shule ya mtaani kwao.

Asubuhi hiyo zilivuliwa sweta nyingi, karibu zote za watoto wa Bondeni, kule ambako maji huingia majumbani kila masika. Tunu alikuwa wa mwisho. Alikuwa bado anaikunja yake gari la wageni wa wizara lilipoingia getini.

Mwalimu mkuu, Bi. Kasungwa, alishtuka. "Vaeni tena! Haraka! Nyie wa Bondeni njooni mbele."

"Mwalimu, si mmeshatuondoa?" Tunu aliuliza.

"Vaa, mwanangu. Ni picha tu."

Walijivalia zozote walizozipata pale mezani. Aliyoipata Tunu ilimfika magotini. Mgeni mmoja alimshika bega, akawageukia wenzake.

"Mnaona? Shule hii haibagui mtoto."

Wakapiga makofi. Mpiga picha akamwambia Tunu atabasamu, naye akatabasamu, maana alikuwa mtoto msikivu.

Gari lilipotokomea, Bi. Kasungwa alinyoosha mkono bila kumtazama. Tunu akafungua vifungo kimoja kimoja, akamkabidhi sweta. Alikuwa bado anatabasamu, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.