Onyo Chini ya Hatua

"Ona mwenzako anavyoandika!" bosi aliniambia, nami nikitafuna ladu, vitamutamu vya mviringo alivyoleta mwandishi mwenzangu Ketaki kusherehekea cheo chake kipya.

Cheo nilichokisubiri mimi.

Tulishuka karakanani, ladu mbili zikiwa mfukoni mwangu, kujaribu mwongozo wake wa mashine mpya ya kukuna nazi. Hapa Pune kawaida yetu ni hiyo: mwandishi husoma, fundi hutenda kile tu anachosomewa.

"Dada, nishikie kompyuta basi," Ketaki alinibembeleza. Alinukia asumini. Hata asumini ilimpenda yeye.

Nikatazama skrini. Kila hatua ilikaa kwenye kisanduku chake, safi kabisa. Ila onyo, ambalo sisi huliweka kabla ya hatua, lilikuwa chini ya hatua ya nne: kisu huendelea kuzunguka kwa muda hata swichi ikishazimwa.

"Hatua ya tatu. Zima swichi," Ketaki akasoma.

Fundi akazima. Mngurumo ukafifia.

"Mbona kimya, dada? Nimekosea?" Ketaki akaniuliza.

"Wewe, ukosee?" nikacheka. "Endelea, bosi anakusikiliza."

"Hatua ya nne. Ingiza mkono, utoe nazi iliyokunwa."

Fundi akakunja mkono wa shati. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na uzi mwekundu wa baraka wa hekaluni.

Nikafungua kinywa, nikatia ladu nyingine.