Mankato au Dubuque

"Theluji huko huanza mwezi gani?" Nakanwagi aliuliza huku akimmiminia Safwan kahawa.

Safwan alikishika kikombe bila kunywa. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile kuulizwa habari za Amerika na mfanyakazi wa mama yake, na kila mara swali lilikuja Bi Masouda akiwa amelala.

"Mankato huanza mapema. Dubuque huchelewa kidogo, mpaka mwisho wa Novemba kama sasa. Lakini wewe khasa unatafuta nini huko?"

"Mama yangu anataka jina la mji."

"Mji wa nini?"

"Wa kuishi, bosi."

Safwan hakuwa mtu wa kukasirika ovyo, lakini jibu lile lilimchoma. Tangu mama yake apate kiharusi, miaka mitatu sasa, hakukubali kulishwa na mtu mwingine. Watoto wake wa kuwazaa walikuwa wakimshikia kijiko mpaka uji unapoa, naye amefunga mdomo kama benki siku ya Ijumaa. Akaja Nakanwagi kutoka Uganda, akamwimbia kidogo kwa Kiganda, mdomo ukafunguka. Nyumba nzima pale Al Hail, Maskati, ilikuwa ikimtegemea yeye, na leo anaulizia theluji.

"Viza umepata?"

"Mambo ya viza ni marefu, bosi."

"Basi mama utamwambia mwenyewe. Mimi siwezi."

"Hakuna cha kumwambia Bibi," alisema Nakanwagi, akageuka kupanga vikombe.

Safwan akaona huyu ameshaamua kutoroka. Angeweza kumnyamazia. Lakini alikuwa amesoma katika miji ile miwili, miaka miwili huku na miwili kule, na alikumbuka jinsi mwenyewe alivyofika bila kumjua mtu. Isitoshe, uso wa yule dada ulikuwa umesawijika tangu Jumatatu.

Na alikuwa na sababu ya kusawijika. Kesho asubuhi mama yake Nakanwagi angepasuliwa tumbo katika hospitali moja ya Masaka, na daktari hakuficha kwamba ni upasuaji wa hatari. Mama naye alikuwa ameshika lake: haingii chumba cha upasuaji mpaka alijue jina la mji wa binti yake. Kato, mdogo wake Nakanwagi, alikuwa amelia kwenye simu. Dada, alisema, mpe jina tu, jina lolote, roho yake itulie.

"Ningekuwa wewe ningekwenda Mankato," alisema Safwan. "Nnakwambia kweli. Wasomali wamejaa, Wakenya wapo, hata Waganda niliwakuta, tukipika pamoja. Hutokuwa mpweke. Tena wenyeji wenyewe wanaufupisha, wanauita Kato."

Nakanwagi alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Kato! Hilo mama yake asingelisahau hata akiwa na homa ya kuweweseka. Kisha kicheko kikamkauka.

"Waganda wangapi?"

"Sijawahesabu! Watano, sita. Jumapili wanakwenda kanisani pamoja."

"Na Dubuque?"

"Dubuque kuna mto mkubwa, kuna vilima, makanisa kila ukigeuka. Mji mzuri. Lakini miaka miwili sikusikia Kiswahili ila kwenye simu."

"Hata Mganda mmoja hukuona?"

"Hata wa dawa."

Nakanwagi akachukua kalamu iliyokuwa karibu na simu ya mezani, akaandika jina kiganjani. Safwan alimrekebisha matamshi mara nne: Da-byuk, Da-byuk. Mara ya tano akakata tamaa.

"Mama hataweza kulisema hilo," Nakanwagi alinung'unika.

"Basi chagua Mankato, ukhti! Mtu huhamia penye watu wake."

"Watu wangu wana simu, bosi. Wanapiga nyumbani kila siku."

Safwan hakuelewa tatizo liko wapi, na hakuuliza. Alikuwa akifikiria ni nani atakayemlisha mama yake.

"Na saa?" Nakanwagi aliuliza. "Dubuque na Uganda wanapishana saa ngapi?"

"Tisa. Uganda wako mbele."

Hilo nalo akaliandika kiganjani. Akachukua sinia, akaenda jikoni, akavisuuza vikombe vyote mara mbili, vilivyotumika na visivyotumika. Mankato ilikuwa tamu mdomoni na ingemfurahisha mgonjwa. Dubuque ilikuwa salama. Alisimama pale kwa muda, mikono ikichuruzika maji, akiogopa kama mtu anayetaka kuvuka barabara kuu kwa miguu.

Hatimaye aliingia stoo, akafunga mlango, akangoja adhana ya alasiri imalizike msikitini. Ndipo akapiga simu Masaka. Kato alimsogezea mama.

"Mama, jina nimekuletea. Ni Da-byuk," alisema polepole. "Ndiyo, ndiko ninakoishi miaka yote hii mitatu. Kuna mto mkubwa na makanisa mengi. Hapa sasa ni alfajiri, Mama, na theluji imeanguka usiku kucha."

Mama alilijaribu jina, akalikosea, akalijaribu tena mpaka likamkaa mdomoni.

"Vizuri," alisema. "Hilo nitawatajia wanaokuja kuniona, wasije wakakucheka. Na huko Maskati, mwanangu, joto limepungua?"