Kobe na Gari la Fisi

Swala, mpenda mbio, alibeba akiba ya mavuno matatu kwenda kununua gari la michezo ambalo Fisi alikuwa amelitumia. Alikuta injini imeshawashwa, inanguruma vizuri.

"Lipa upesi, Chui yuko njiani kuja kulinunua," Fisi alisema.

Kobe, fundi aliyeletwa na Swala kulikagua, aligusa boneti ikamchoma. Akazima injini, akaagiza chai.

"Mzee, Chui atanipokonya gari!"

"Injini ya moto haisemi ukweli, mjukuu wangu. Ngoja ipoe."

Ilipopoa, Fisi alizungusha ufunguo mara nane. Gari lilikohoa, likatoa moshi mzito, likanyamaza.

Swala alimshukuru Kobe, akambeba mgongoni hadi kwake. Njia nzima alitembea polepole, asije akamwangusha mzee.