Taa ya Nyamizi

Siku hizi hakuna anayeuliza fulani ana magari au ana mashamba. Huo ni ushamba wa zamani. Watu hutazama taa iliyo juu ya mlango wako, ambayo huwaka kwa shukrani za majirani. Shukrani za watu wa nyumba moja haziiwashi.

Taa ya Nyamizi ilikuwa hafifu kuliko zote mtaani. Alikuwa akimuuguza mama yake, aliyepooza miguu, na hakubakiwa na muda wa kumfaa jirani yeyote. Wengine walishaanza kumpita bila salamu.

Jioni moja, Nyamizi alipokuwa akimlisha uji, mama alimshika mkono.

"Asante, mwanangu."

Wote wawili wakatazama mlangoni. Mwanga kizingitini haukuongezeka.

"Nihamishie hapo jirani, kwa Kalunde," mama akasema taratibu. "Uwe unakuja kunilisha huko. Nikikushukuru nikiwa kwake, taa yako itawaka."

"Mama, usiseme hivyo. Hapa ni kwako."

"Najua. Ndiyo maana."

Nyamizi akamfuta mdomo, kisha akamfunika miguu kwa lile blanketi zito. Akabaki ameshika pindo lake, akiwaza kama kwa Kalunde kuna baridi.