Picha ya Ishirini na Tatu

"Fanya utakalo, shemeji, ila mlango wa nyuma usiuguse."

Mjane aliiweka kamera juu ya meza ya fundi, lakini hakuiachia.

"Mimi?" Fundi alicheka. "Miaka thelathini natengeneza kamera, leo ndiyo unifundishe? Filamu na mwanga ni paka na panya. Haya, lete."

Alipoipokea, kicheko kilimkauka. Kamera ile aliijua vizuri. Ilikuwa ya mpiga picha, mume wa huyu mama, aliyefungua duka hili pamoja na fundi wakiwa vijana. Siku mwenzake alipoanguka kutoka ghorofa ya nne ya jengo lisilokwisha, kamera ilikuwa shingoni mwake. Kona moja ilibonyea. Tangu hapo imepita miaka tisa, na duka likabaki la fundi peke yake.

"Polisi wamenirudishia juzi," mjane alisema. "Ilikuwa stoo muda wote huo, hakuna aliyeigusa. Filamu imo. Tazama, namba ya picha imesimama ishirini na tatu."

Fundi akatazama. Ilikuwa kamera ya kizamani kweli, ile ambayo namba yake mtu huipanga kwa kidole. Akazungusha kidogo kitufe cha kurudishia filamu. Kikakaza. Ilikuwemo.

"Walisema aliteleza, alikuwa peke yake," mjane aliendelea. "Uongo mtupu! Mume wangu alikuwa akipanda kiti kubadilisha balbu anatoka jasho. Ghorofa ya nne apande na nani kama si mtu anayemwamini? Na ninavyomjua, mtu huyo alimpiga picha."

"Shemeji, hayo yalishapita."

"Kwako yamepita. Mimi nalala nayo." Akavuta kigoda, akaketi. "Itengeneze ivute, filamu irudi kwenye kopo lake salama. Kesho asubuhi naipeleka kwa mpelelezi, ikasafishwe mbele ya macho yangu. Nataka kumwona huyo mtu."

Fundi akachukua bisibisi ndogo, akafungua bamba la chini. Skrubu ya pili ikamponyoka, ikabingirika hadi miguuni pa mjane.

"Leo skrubu zinakuponyoka."

"Uzee huo."

"Uzee gani na wewe bado unacheza mpira!"

Akainama juu ya kazi yake. Ndani, mafuta yalikuwa yameganda. Kamera zikilala muda mrefu ndivyo zinavyokuwa. Mafuta hukauka, na sponji ya kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma huyeyuka ikawa kama lami, mlango ukanata mpaka wengine wakauchokonoa kwa kisu. Fundi alishawagombeza wateja wengi kwa ujinga huo. Yeye alichovya pamba kwenye spirti, akafuta gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu dogo la mwisho lilikuwa limepinda jino. Akalinyoosha kwa kibano, polepole, huku jasho likimchuruzika shingoni ingawa feni ilikuwa inazunguka.

Akavuta mkono wa kusogezea filamu. Ukaenda. Akabonyeza.

Klak.

Mjane akaruka kwenye kigoda. Machozi yakamtoka palepale, wala hakuyafuta. "Ndiyo sauti yake. Nyumba nzima ilikuwa inaisikia sauti hiyo."

"Imepona," fundi alisema. "Bado kuirudisha filamu. Imezeeka hiyo, nikiharakisha inakatika. Inataka utulivu, bila mtu wa kunitazama mikono. Nenda kaninunulie maji ya baridi, shemeji. Ukirudi utaikuta tayari."

Mjane akasimama, akajifunga mtandio.

"Haya. Nakuamini."

Mlango wa duka ukafungwa. Fundi akasikiliza viatu vyake vikishuka ngazi, moja, mbili, tatu, mpaka kukawa kimya. Mfuko mweusi wa kufungulia filamu gizani ulining'inia ukutani, karibu kabisa na mkono wake. Hakuuchukua. Maneno alikuwa nayo tayari: kitasa kilibonyea siku ile ya ajali, shemeji, mlango umefyatuka wenyewe, pole sana. Nani angembishia fundi wa miaka thelathini?

Akaibeba kamera hadi dirishani, kwenye jua la saa nane mchana, akavuta kitasa.

Mlango ukafunguka mwepesi, haukunata hata kidogo.

Alikuwa ameshaivuta filamu yote nje, imemning'inia mikononi mpaka magotini, ndipo macho yake yalipoiona sponji. Ilikuwa mpya.

"Filamu ya kweli ilisafishwa mwezi uliopita," sauti ilisema nyuma yake. Mjane alikuwa amesimama kizingitini, miguu mitupu, viatu mkononi, na pembeni yake mpelelezi. "Picha ya ishirini na tatu ilitoka ukungu mtupu, shemeji. Haikuwa na mtu."