Mikono Juu ya Mama

"Dada, umemleta mtu aje kumpepea mgonjwa?" alinong'ona Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, akiwa ameegemea mlango wa chumba cha mama yao.

Dada yake alimkata jicho. Tabibu aliyeletwa alikuwa anatibu kwa nishati ya mikono. Viganja vyake vilikuwa vimeelea juu ya kifua cha mama kama shibiri moja hivi, bila kukigusa, na nusu saa nzima havikushuka.

Ndipo Cheche akasikia mkoromo. Mama, ambaye maumivu yalimnyima usingizi siku nne mfululizo, alikuwa amelala fofofo.

Mikono ya tabibu ikaanza kutetemeka kwa uchovu. "Naogopa nikiitoa ataamka," alisema taratibu, akimtazama Cheche.

Cheche akafuta viganja kwenye suruali, viganja vigumu vilivyojaa makovu ya moto, akavipenyeza polepole chini ya vile vya tabibu. Tabibu akaondoa vyake.

Mkoromo ukakatika. Cheche akabana pumzi.

"Hapo hapo, tabibu," mama akasema, macho bado kayafumba. "Sasa ndiyo umepatia."