Ganzi ya Bi Mwanakombo

Siku hizi mwanamke akikatwa titi kwa saratani hapewi dawa ya usingizi, maana huwalaza hata askari wa mwili wanaopigana na ugonjwa. Hutiwa ganzi kifuani, na ganzi hiyo haitolewi tena, ugonjwa usije ukarudi.

Bi Mwanakombo, naye aliyekatwa titi hivyo, alikuwa amemkumbatia mjukuu wake kifuani, akimwimbia, bintiye Saumu alipoingia na kumgusa mtoto.

"Mama! Mtoto anachemka hivi, nawe umetulia tu?"

Akamnyakua, akatoka mbio kwenda hospitali. Kifua cha Bi Mwanakombo hakikuwa kimemwambia neno.

Jioni, sauti ya kliniki ikauliza kutoka kipaza sauti cha ukutani, kama kawaida yake, "Bibi, leo unahisi chochote?"

"Sihisi kitu."

"Hongera, Bibi. Kinga yako iko imara."

Akashukuru, mikono ingali imejikunja kifuani kama iliyobeba mtoto.